Shingo ya Usiniguse

Mmesikia tayari, najua, maana hapa Isukha habari ya aibu inafikanga Malava kabla mwenyewe hajavua viatu. Lakini mlisikia kwa watu wa kucheka ovyo, kwa hivyo leo nasema mwenyewe, na nikiona mtu ameziba mdomo kwa leso nitamtoa nje.

Marehemu mume wangu aliacha vitu viwili vya maana, mimi na fahali aliyeitwa Usiniguse. Huyo fahali alipigana na mafahali wenzake uwanjani miaka sita na hakugeuka hata mara moja (kwetu fahali hashindwi kwa kuumia, anashindwa kwa kukimbia, na akikimbia jina lake limekwisha). Alipokufa kwa uzee, wazee wa ukoo wakasema kichwa chake kikikaushwa vizuri kitatundikwa kwenye banda la mikutano, na jina la mzee wangu liandikwe chini yake. Hilo tu ndilo nililotaka. Jina lake pale.

Nikapeleka kichwa kwa Fundi Lihanda mjini, yule anayekaushanga wanyama wakae kama wazima. Anachukua ngozi na pembe, anavalisha juu ya umbo la sponji ngumu. Sasa umbo alilokuwa nalo ni la kulungu wa ng'ambo, uso mwembamba, shingo kama ya kuku mgonjwa! Nikakasirika hapo hapo.

"Mama, tutalibadilisha," akasema. "Tunakata, tunaongeza."

"Wewe unajua fahali?"

"Nimesomea, Mama."

Amesomea! Mimi sikupita darasa la tatu, lakini nimepasua vichwa vya ng'ombe soko la Lubao mpaka mgongo ukapinda, supu yake ndiyo ilisomesha watoto wangu, najua msuli wa taya unaanzia wapi, najua jicho liko vidole vingapi chini ya pembe. Nikashika kisu chake, nikamwonyesha: panua paji hapa, jaza shavu, shusha jicho. Akafuata, na uso ukatoka Usiniguse kabisa, mpaka akasema, "Mama, wewe ni daktari." Hapo ndipo kichwa changu mimi kikavimba.

Tukafika shingoni. Akapima, akasema inatosha. Nikasema ongeza, fahali bila shingo ni mbuzi. Akasema, "Mama, ngozi ikikauka inajivuta, lazima tuiachie nafasi." Nikamwambia nimeshika ngozi ya ng'ombe kabla hajazaliwa. (Ngozi mbichi. Iliyokauka niliwaachianga wenye ngoma.) Alipoenda kunywa chai, nikabandika sponji nyingine kwa gundi yake, vipande viwili kila upande. Ngozi ilikuwa bado na maji, ikavutika, ikafika. Aliporudi alinuna, lakini alishona. Akataka kikae kwake wiki mbili akiangalie kikikauka, nikasema wazee hawangoji, nikakibeba, nikakifunika shuka na kukifungia stoo chini ya mabati, kwa joto lile, mtu asikione kabla ya siku yake.

Jumamosi ukoo mzima ukaja, ngoma ya isukuti inalia, hata mzee Shivachi wa Idakho, ambaye fahali wake alipigwa na wetu mara mbili, amekaa mbele na kofia yake. Nikavuta shuka mimi mwenyewe.

Isukuti ikanyamaza.

Ngozi yote ilikuwa imejivuta kwenda shingoni. Kope zimerudi nyuma, macho ya kioo yametoka kama ya mtu aliyekanyaga chatu, midomo imeachana, masikio yamelala. Nyinyi ni watu wa mafahali, hamhitaji kuambiwa. Hiyo ni sura ya fahali anayekimbia.

Shivachi akasimama polepole. "Mama Muhonja, huyu anakimbia nani?"

"Anamkimbia mwenye kisu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na wakacheka mpaka mpiga ngoma akakaa chini. Na kama hiyo haitoshi, uzi wa shingoni ukaanza kuachia, ta, ta, ta, kama vifungo vya shati la mtu aliyeshiba, sponji ikachungulia.

Nikasema ni fundi. Mbele ya watu wote nikasema Lihanda hajui kazi. Na Lihanda alikuwa pale na shati lake safi, akaniangalia, akainama kuokota uzi uliokatika. Hilo linanichoma kuliko kicheko.

Mwenyekiti wa wazee akasema, "Mama, fahali anayekimbia hatuwezi kumtundika." Ni kweli. Hata mimi ningekataa.

Jumatatu nikampelekea Lihanda jogoo, nikamwambia kosa ni langu, na Jumapili iliyofuata nikalisema kanisani, maana nilimtukana mbele ya watu. Ngozi ilikuwa imepasuka, haishoneki tena. Msumari wa kumtundikia uko ukutani kwenye banda la mikutano mpaka leo, mtupu.

Kwa hivyo msiniambie tena "Kukhu anajua", eti bibi anajua kila kitu. Sitagusa kazi ya mtu akiwa ameenda kunywa chai, hata iwe ni kugeuza ugali. Miaka sita hakuna fahali wa Isukha wala wa Idakho aliyemfanya Usiniguse akimbie. Ni mimi niliyemkimbiza, tena akiwa amekufa.