Mzee Nyamai, Mchanjaji wa Kuku wa Umoja

Siku hizi nyuma ya nyumba yetu mtaani Umoja kuna vyumba vitano vya kupangisha. Nilipokuwa darasa la saba, hapo palikuwa na banda la mabati, na kila miezi mitatu Mzee Nyamai alifika kabla jua halijapanda, amekumbatia thamosi ya barafu kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Alikuwa karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, aliyestaafu. Kuchanja kuku alijifunza kwenye semina ya siku tatu, akaipenda kazi hiyo kuliko ukarani wa miaka thelathini. Mama yangu, Aluoch, alimtania: Mkamba gani huyu, mtu wa nchi kavu, anayeogopa jua? Alijibu kwamba si yeye, ni kichupa chake cha chanjo. Ndani yake mlikuwa na virusi hai vya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, vilivyodhoofishwa. Vikifa kabla ya kuku kuvinywa, kuku hapati kinga. Joto huviua, jua huviua, na hata dawa ya kusafishia maji ya mfereji huviua. Ndiyo maana alichanganya chanjo na maji ya mvua, kwenye ndoo aliyoisuuza bila sabuni. Nilisoma biolojia miaka minne chuoni, na sijapata mwalimu aliyeeleza vizuri kumshinda.

Mwaka mmoja mvua ya vuli ilikosekana. Mzee alichanja kama kawaida. Wiki tatu baadaye mjomba Okinyi alituletea jogoo kutoka Siaya. Jogoo akaanza kusinzia, kisha shingo ikapinda. Katika siku sita kuku wote thelathini na mmoja wa Mama walikufa. Aliwalea tangu walipokuwa vifaranga, na mayai yao yalifika hadi mtaa wa Komarock. Alimpigia mjomba simu, akamwambia maneno ambayo hata sasa siwezi kuyaandika, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mtaa mzima ulimlaumu jogoo. Mzee Nyamai angeweza kunyamaza. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akakataa kiti, akamwita Mama kwa jina langu kama kawaida yake.

"Mama Elsie, jogoo alileta ugonjwa, lakini ni mimi niliyewaacha kuku wako bila kinga. Pipa langu la maji ya mvua lilikuwa kavu. Nilichota maji ya mfereji."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa na nyumba nne zinazoningoja, nikasema mara moja tu haitadhuru."

Mama alichukua simu yake. Kisha akaingia ndani, na kupitia dirisha tukamsikia akiongea Kijaluo kwenye simu, polepole, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni.

Wiki iliyofuata Mzee alirudi na koleo. Alitueleza kwamba kwenye kinyesi chenye unyevu, kivulini, virusi vya kideri hukaa muda mrefu vikingoja kuku wapya. Tuling'oa mabati, tukakwangua sakafu, tukazika uchafu, tukaacha vyombo vya maji vikauke juani. Nakumbuka nikishangaa kwamba kitu tulichokilinda kwa barafu ndicho sasa tulichokiwinda kwa jua. Banda lilikaa wazi miezi miwili, na watoto wa jirani walicheza humo ndani.

Vifaranga wapya walipofika, Mzee alituma ujumbe kwamba Mama atafute mtu mwingine wa kuwachanja. Yeye ameacha. Mama alivua aproni, akaenda hadi mlangoni kwake, nami nyuma yake. Mzee alisimama kizingitini akisema kwamba mikono yake haiaminiki tena.

"Baba Mutie," Mama alimwita kwa jina la mwanawe, "nikimleta mwingine, itabidi naye aniulie kuku ndipo ajifunze. Wewe umeshajifunza kwa wangu. Vaa viatu."

Alivaa.