Filimbi Shingoni, Jiwe Mkononi

Mimi si mwanamichezo, na sitaki mtu anihesabu humo. Kazi yangu ni kubeba begi. Rafiki zangu wawili wanapopanda majabali na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, mimi nabaki chini, shingo juu. Mmoja wao ni mwalimu wa sekondari hapa Katoro. Mwenzake alikuwa mchimbaji wa dhahabu kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, na siku hizi anaendesha bodaboda. Ameacha kuingia ardhini, lakini hajaacha kutafuta mahali pa kufia. Hilo nimeshamwambia usoni, akacheka.

Begi lilianza kwa sababu ya mke wake. Nina duka la dawa, na siku moja alikuja akasimama mbele ya kaunta, hakununua kitu.

"Shemeji, huyu mtu nimemshindwa," alisema. "Nenda naye wewe. Unirudishie kama alivyo."

Nikafunga begi. Niliweka bandeji pana, vitambaa vya gozi vya kubania vidonda, glovu, na mkasi mkubwa, maana mguu ukivunjika suruali haivuliwi, inakatwa. Niliweka vipande viwili vya mbao alivyonilainishia fundi seremala, na kanga kuukuu za mama yangu, kwani kwa kufunga mguu sijaona kinachoishinda kanga. Maji, chumvi za kuchanganya, tochi, na simu ya kitochi ambayo chaji yake haiishi. Halafu filimbi, kila mtu na yake shingoni.

"Ukipata matatizo usipige kelele, koo litakauka," niliwaambia. "Puliza."

Mwalimu alipuliza yake palepale mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mchimbaji aliivaa kimya kimya, akaitumbukiza ndani ya fulana.

Mlima wenyewe uko kando ya barabara ya kwenda Ushirombo. Chini yake kina mama huponda kokoto kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Nimeshaizoea milio ya nyundo zao hata siisikii tena. Jumapili moja tuliegesha pikipiki karibu na mafungu yao ya kokoto, wale wawili wakapanda.

Jua lilipokuwa kali mwalimu alishuka kunywa maji. Mchimbaji alibaki juu.

"Nazunguka upande wa pili, nakuja sasa hivi, daktari," alisema. Daktari ndiyo kejeli yao kwangu.

Tulimsubiri. Mwalimu alinionyesha picha kwenye simu yake, nikazitazama bila kuziona. Baada ya muda nilimwambia aite. Akaita. Nikaita na mimi. Jina lake liligonga mawe likaturudia. Nikapuliza filimbi, nikanyamaza ili nisikie yake.

Haikulia.

Niliogopa, sifichi. Kila mtu aliyeanguka nilikuwa nimeshamfunga bandeji akilini mara nyingi, lakini aliyeanguka akanyamaza sikuwa nimemwandalia kitu. Nikamkumbuka mke wake, alivyosimama mbele ya kaunta. Tulipanda mbiombio, mwalimu akienda kulia, mimi kushoto, tukiita na kupuliza. Mawe yale yamepandana kama viazi ndani ya gunia, na katikati ya kila mawili kuna ufa wa kummeza mtu mzima. Nilimulika nyufa kwa tochi moja baada ya nyingine. Mijusi tu.

"Hebu nyamaza," nilimwambia mwalimu tulipokutana. "Sikiliza."

Tulisikiliza. Hakuna sauti ya mtu, hakuna filimbi. Kulikuwa na kina mama wa kokoto tu, ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko, ko, ko.

Mwalimu aligeuka kuendelea kupanda. Mimi nilisimama. Asubuhi tulipoegesha pikipiki, mafungu ya kokoto yalikuwa yamefunikwa maturubai. Ilikuwa Jumapili. Hao kina mama walikuwa kanisani, na hata wasingekuwa kanisani, hakuna mtu anayeponda kokoto kwa kupumzika kila baada ya mapigo matatu.

"Ni yeye," nilisema.

Tulifuata mlio ule. Tukiukaribia unafifia. Tulimwita kwa jina, yeye akaendelea kugonga tu, kila mara polepole zaidi. Tukamkuta ndani ya ufa, amekaa kwa kubanwa, mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, damu imejaa kwenye kiatu. Mkononi alishika jiwe la ukubwa wa yai. Filimbi ilikuwa kifuani, nzima, ndani ya fulana.

Nilikata suruali, nikabana jeraha kwa gozi mpaka damu ikatulia, nikafunga mbao kwa kanga. Mdomo nao nikaufanyisha kazi ya kugomba.

"Filimbi niliyokupa ni mkufu?"

"Nimeisahau." Midomo yake ilikuwa myeupe. "Kifusi kikikufunika chini huko, ukipiga kelele unakula vumbi na kumaliza hewa. Unagonga mwamba. Wa juu wakisikia wanagonga, unajua wanakuja. Basi unaacha, unatunza nguvu."

"Hapa juu kuna hewa mpaka Mwanza."

"Najua. Mkono haukujua."

"Na sisi tumekuita mpaka tumekauka."

"Niliwasikia," alisema. "Lakini hamkugonga."

Tulimshusha kwa taabu ambayo siwezi kuisimulia bila mgongo kuniuma, tukapata gari la mtu aliyekuwa akitoka kununua mahindi. Hospitalini walimpeleka ndani, wakamtoa jioni mguu ukiwa na plasta, macho yamezama kwa dawa. Alikuwa amelala, lakini kidole chake kilikuwa kinagonga chuma cha kitanda. Tatu, kimya, tatu. Muuguzi alisema ni maumivu, akamwongezea mto. Mimi niliushika ule mkono. Nilipouachia tu, ukaendelea.

Mke wake alifika na hotipoti ya uji. Nilijiandaa kutukanwa. Huyu mama, kabla ya kuolewa, alikuwa akipikia wachimbaji palepale duarani, na siku mume wake alipofukiwa na kifusi alikuwa juu, kajilaza chini, sikio limegusa ardhi. Hayo niliyajua kwa kusimuliwa tu.

Alisimama mlangoni akasikiliza. Aliweka hotipoti chini, akatoa kijiko, akainama juu ya kitanda na kugonga kile chuma, ko, ko, ko.

Kidole kikatulia. Mume wake akashusha pumzi ndefu, akalala kweli.

Ndipo mama huyo akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Shemeji," alisema, "siku nyingine umjibu."

Begini sasa mna nyundo.