Kivuli cha Tangi

Kwao Jairus, Vihiga, jua la adhuhuri hukaa utosini mwaka mzima, na hakuwahi kuona sababu ya kulichunguza zaidi. Ndiyo maana mwezi wa Julai, huko Dubai, Madam Ashwaq, mwenye nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi, alipotaka tangi la maji lihamishiwe paani, Jairus alilisimamisha upande wa kusini, karibu kabisa na paneli za sola. Kivuli chake kilikuwa kimejikunyata chini ya tangi lenyewe. Kazi safi, akajisifu.

Desemba ikaja na baridi ya Dubai, ile ambayo Wakenya huivalia koti kwa maringo, na umeme wa sola katika nyumba ile ya Al Barsha ukaanza kupungua. Kupungua kidogo msimu huo ni kawaida, maana siku huwa fupi. Huu ulipungua karibu nusu. Sir, mkubwa wa kampuni iliyomwajiri Jairus, hakupanda ngazi kuangalia. Kupanda ngazi si kazi ya masir. Aliuliza tu nani huosha paneli.

Aliyeziosha ni Azzam, mtu wa Lamu, aliyelala chumba kimoja na Jairus huko Satwa. Baridi ilipoingia, Azzam alikuwa akipanda paani alfajiri umande ungali mbichi, kwa sababu umande ukikaukia kwenye vumbi hugeuka tope gumu. Hakuna aliyemfundisha hilo.

"Huyo ni mvivu," sir alimwambia Jairus Jumanne. "Khalas, viza yake naifuta."

Saa nne asubuhi hiyo hiyo Jairus alipanda, akiomba akute tope ili roho yake itulie. Vioo vilikuwa vinang'aa. Jua lilikuwa limeinama kusini, chini kuliko alivyowahi kuliona saa kama hiyo, na kivuli cha tangi kimelala juu ya paneli tatu. Tatu tu, lakini paneli zote za paani zimeungwa kwa waya mmoja, na chache zikizibwa jua, nyingine nazo hulegea. Aliogopa, tusifiche: viza yake mwenyewe ilikuwa inaisha Februari.

Akachagua njia ya waoga. Akamwaga maji ya tangi, akalivuta hadi upande wa kaskazini, kivuli kisizifikie paneli, akaunga mabomba upya, asimwambie mtu. Umeme ukirudi, aliwaza, sir atapoa na Azzam atabaki.

Umeme ulirudi. Sir akamwonyesha grafu kwenye simu, anacheka. "Unaona? Azzam nimemtoa Jumanne, Jumatano mambo safi."

"Naona, sir," Jairus alisema, akajichukia kabla hajafunga mdomo.

Ijumaa Azzam alimpigia simu kutoka uwanja wa ndege.

"Ndugu yangu, mimi vioo nikiviosha. Wallahi, kila siku nikiviosha."

"Najua, bro. Vilikuwa safi kabisa."

"Wajuaje?"

Nyuma yake walikuwa wakiita abiria wa Mombasa. Jairus alibaki ameshika simu sikioni.