Mguu wa Kushoto

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii. Nilianza kwa kusukuma baiskeli ya ndizi kutoka Ntobeye mpaka Ngara mjini, nikipanda kile kilima ambacho vijana wa bodaboda leo wanakilalamikia wakiwa wamekaa juu ya injini. Sasa nina Fuso na mashine ya kusaga. Kwa hiyo shemeji yangu wa Biharamulo, kaka wa mke wangu, aliponiambia kuwinda si kazi ya kila mtu, nilicheka.

"Shemeji, bunduki ninayo, kibali ninacho. Kimebaki nini?"

"Kusimama," akasema.

Akanieleza. Kule kwao majani yanafika kifuani. Ukipiga goti unaona majani, ukilala ndiyo kabisa, na mti wa kuegemea hauwi pale unapoutaka. Mnyama akijitokeza unasimama wima, bunduki mikononi, bila egemeo lolote, unapiga. Asiyeweza kutoboa debe kwa risasi akiwa amesimama hivyo, kwa shemeji hashiki bunduki porini. Anabeba nyama.

Mimi, kubeba nyama! Na watu wote wa sokoni nilishawaambia wajiandae kuona pembe juu ya mlango wangu.

Nikaanza mazoezi nyumbani, Mabawe. Kila asubuhi natoa risasi zote, nakagua bunduki mara mbili kwamba ni tupu, nasimama katikati ya migomba nyuma ya nyumba, nalenga ua la mgomba wa mwisho. Mwanzoni mtutu ulizunguka kama nzi juu ya chakula. Mke wangu akapita na jembe. "Baba watoto, huo mgomba umekukosea nini?" Nikamwambia mtu anayelenga haulizwi. Nikajifunza kubana kiwiko mbavuni, kutoa pumzi nusu na kuizuia, kuvuta kidole taratibu. Nilipopewa ruhusa ya kupiga risasi za kweli kwenye shimo la zamani la moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, pale ubavuni mwa kilima, debe lilitoboka likawa chujio. Nilijisifu, na nilistahili.

Msimu ulipofunguliwa nikaenda Biharamulo. Shemeji alikuwa na askari wa wanyamapori, ambaye angefuatana nasi. Debe likawekwa mbele ya tuta la udongo.

"Haya tajiri, tuonyeshe," shemeji akasema.

Nikasimama. Hapo ndipo mambo yaliponichanganya. Ardhi ilikuwa sawa kama meza, lakini nilijiona naanguka kushoto. Nikapiga, vumbi likaruka kushoto kwa debe. Nikapiga tena, kushoto tena. Nikasema ni upepo. Shemeji akaokota majani makavu, akayaachia, yakadondoka miguuni pake. Nikasema ni jua. Jua lilikuwa mgongoni kwangu.

"Mzee," askari akaniuliza kwa heshima, "mbona umesimama kama mtu anayepanda ngazi?"

Nikajitazama. Goti la kushoto limekunjwa, mguu umegusa chini kwa vidole tu. Kweli, kwetu kila mahali ni mteremko. Shambani, kwenye moramu, mguu wa kushoto siku zote ulikuwa juu. Lakini mtu anajifunzaje mlima bila kujua? Miaka yote hii nimetembea Biharamulo, nimepakia mahindi Biharamulo, sijawahi kuanguka!

Pembeni palikuwa na kichuguu kifupi. Nikaweka mguu juu yake, nikapiga. Debe likalia. Nikapiga tena, likalia tena.

"Umeona, shemeji!"

"Nimeona egemeo."

"Egemeo ni la mkono! Huu ni mguu!"

"Kwani mguu umeazima? Si wako pia?"

Tukamgeukia askari aamue. Akatikisa kichwa. "Mimi nasimamia sheria za wanyama. Za mashemeji sizijui."

"Basi sawa," shemeji akasema. "Swala tohe akitokea mwambie asubiri, tajiri anatafuta kichuguu."

Nikabeba nyama. Shemeji alisimama wima katikati ya majani, akampiga tohe kwa risasi moja, na mimi nikaweka paja begani. Na niseme ukweli, hakuna aliyewahi kubeba kama mimi. Nilifika kwenye gari kabla yao, sikuhema. Lakini kichwani nilikuwa bado naanguka kushoto.

Nyumbani nikasimama tena kwenye migomba na bunduki tupu. Mtutu ukatulia kama msumari. Nikaenda kwenye sakafu ya saruji ya mashine, mahali pekee palipo sawa kwangu, ukaanza kucheza. Nikarudi shambani, ukatulia. Mke wangu akaegemea jembe, ananitazama nikienda na kurudi.

"Umepoteza nini?"

Nikamwambia sijui.

Sasa kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, nasimama kwenye ile sakafu na kulenga msumari ukutani. Pembe mlangoni hakuna. Na mguu wa kushoto bado unapapasa saruji, unatafuta mlima.