Vidole Vitatu vya Mkono wa Kushoto

Nilijikata kwa mundu kule Uyole, nikimkatia mama yangu majani ya ng'ombe. Kidonda hakikuwa kikubwa, ila kilikuwa kwenye kifundo cha mkono na kiliufikia mshipa wa fahamu. Daktari aliuunga, akasema utaota polepole kama mzizi. Nikarudi nyumbani Kihesa na vidole vitatu visivyojua kitu: gumba, cha shahada na cha kati.

Mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa, na sikuwahi kuuwazia. Sasa kitambaa kiliteleza bila mimi kujua. Nilikibana mno, au nilikiachia kabisa.

Siku moja nilishika sufuria ya maharage. Harufu ya ngozi kuungua ndiyo iliyonishtua. Mume wangu akaninyang'anya.

"Mama watoto, huoni moto?"

"Nauona. Siusikii."

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alinieleza kwamba mkono mzima ukigusa moto hujirudisha wenyewe: taarifa hufika kwenye uti wa mgongo, na amri hurudi kabla ubongo haujajua. Kwangu, taarifa haikuwa inafika. "Ufundishe," akasema. "Fumba macho, shika vitu, useme ni nini."

Basi jioni, tukishakula, mume wangu alinifunga macho kwa mtandio, akanitilia vitu kiganjani: kifungo, punje ya mahindi, kipande cha sufi. Nilikosea mno. Kuna siku aliniwekea kidole chake mwenyewe, nikasema ni karoti. Watoto walicheka mpaka wakalala chini, nami nikacheka nao.

Baridi ilipoingia, nilikuwa naosha vyombo nje asubuhi. Kitu kama sisimizi kikatembea kutoka kiganjani hadi kidole cha kati. Nikatoa mkono, nikaurudisha kwenye beseni.

"Baba watoto," nikamwita, "maji ni ya baridi."

"Mwezi wa saba huu, yangekuwaje?" Kisha akageuka kunitazama. Akaja, akachuchumaa, akatia mkono wake majini kando ya wangu.

Ncha ya kidole cha shahada bado ina ganzi, lakini nashona tena, na kola zinakaa sawa. Juzi mama alikuja kutoka Uyole na gunia la viazi. Kabla hajaketi alinishika mkono, akaanza kubonyeza kidole kimoja kimoja.

"Hiki unakisikia?"

"Nakisikia, mama."

Akaendelea hadi kwenye vidole ambavyo havikuwahi kuumia. Nikamwacha.