Mbweha wa Mkia wa Buluu

Anselme Tisserand alioka mikate mjini Troyes hadi mgongo ukamgomea, na kila Jumapili ungemkuta sokoni kwa wauza vikorokoro, akipekua picha kuukuu za ngano za wanyama, zile zilizochapwa kwa wino mweusi tangu enzi za mababu. Seti yake ilipungukiwa na picha moja tu: mbweha akimkaribisha korongo mezani. Na hiyo moja, jamani, alikuwa nayo nyumbani! Ilitundikwa mkabala na kitanda cha mkewe, Odile.

Taabu ilikuwa rangi. Firmin, kaka yake Odile, aliupaka mkia wa mbweha buluu alipokuwa mtoto, na mwaka uleule homa ya matumbo ikamchukua. Wakusanyaji hawaitaki picha iliyochezewa. Kwao ni maziwa yaliyoingia nzi.

Odile alikuwa amesahau karibu kila kitu, mumewe akiwemo. Lakini kila asubuhi akifumbua macho aliutazama mkia ule na kuangua kicheko.

"We Firmin! Unachafua shuka, mama atatuchapa!"

Hakuna kicheko kingine kilichobaki katika nyumba ile.

"Si uioshe tu," Gaspard, muuza picha, alimwambia. "Wino wa chapa hautoki. Hizo rangi za watoto zikiona maji zinakimbia."

"Na mke wangu je?"

"Mzee mwenzangu, wewe mwenyewe hakujui, atamjua mbweha?"

Neno lile lilimchoma Anselme. Lilimpendeza pia, na hapo ndipo ninapomlaumu. Odile alipolala mchana, aliitoa picha kwenye fremu, akailaza katika beseni la maji ya uvuguvugu kama alivyozoea kuosha nyingine. Buluu ikatoka yote. Akamwaga maji, akaikausha picha, akairudisha ukutani ili pasionekane pengo. Ilikuwa safi, nzuri ajabu, na seti yake ilikuwa imetimia.

Asubuhi Odile alifumbua macho, akatazama ukutani. Hakucheka. Akageuka taratibu.

"Anselme," alisema. Miaka ilipita hajalitaja jina hilo. Mzee akamshika mkono, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

"Naam, mpenzi. Nipo."

"Firmin amekufa lini?"

Akamwambia. Odile alilia mchana kutwa. Kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa, na kila siku ikawa ndiyo kwanza anapewa habari ya msiba.