Juu ya Punda, Mbele ya Mama Mkwe

Nilikuwa dereva wa bodaboda Nachingwea mjini mpaka siku lori lilipotusukuma, mimi na pikipiki yangu, nje ya barabara. Paja la kulia likavunjika. Lilipona likiwa fupi na goti halikunjiki tena. Nikarudi kwetu Lionja na magongo mawili, na tangu hapo mke wangu akawa ananipeleka shambani kwa baiskeli: mimi nimekaa kwenye keria kama gunia, yeye anasukuma. Tukifika kijiweni, wanapoegesha bodaboda, nilikuwa navuta kofia mpaka machoni. Mwisho nikaacha kwenda kabisa. Mikorosho ikamezwa na nyasi, nami nipo nyumbani nasikiliza redio.

Mjomba wangu anafuga punda wa kubebea maji. Alinipa jike mmoja mchanga, ambaye hakuwahi kubeba hata ndoo.

"Mzoeshe taratibu," aliniambia. "Huyu hana ubaya, ni mwoga tu."

Alichokiogopa zaidi ni magongo yangu. Kila nikiinua moja nipige hatua, alidhani namchapa, anarudi nyuma mpaka kamba inakaza. Basi nikawa nakaa chini, nayalaza magongo mbele yangu, nayamwagia pumba. Asubuhi moja akasogea, akala. Baada ya hapo mke wangu alimtandika gunia tupu mgongoni, kisha gunia lenye mahindi kidogo, akawa anamtembeza huku mimi namsemesha. Yote hayo tuliyafanya nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Sikutaka watu waone.

Siku ya kumpanda nilisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamlalia mgongoni kwa tumbo. Mke wangu akauvusha mguu mbovu upande wa pili kwa mikono yake. Punda akatetemeka, akatulia. Nilifurahi mno, nikacheka kwa sauti. Kicheko kile kikamshtua, kamba ikamponyoka mke wangu, tukatoka mbio.

Punda hakwenda mbali. Alifuata barabara, nami nimeng'ang'ania manyoya ya shingo, mpaka kijiweni. Pale palikuwa na maganda ya mihogo. Akasimama katikati ya pikipiki, akaanza kula. Nilimbembeleza, nikampigapiga shingoni, wapi.

"Kaka, chombo kipya hicho?" dereva mmoja aliniuliza. "Kinakunywa petroli au dizeli?"

Wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Magongo yalikuwa nyumbani, na kushuka nisingeweza bila kunyanyuliwa kama mtoto. Mmoja wa wenzangu wa zamani alikuja kunishika kiuno.

"Niache," nikamwambia. "Napumzika tu."

Napumzika, juu ya punda, jua la saa sita!

Hapo ikafika bodaboda, akashuka mama mkwe wangu, kaja kututembelea kutoka Malolo. Kwetu mama mkwe ukimwona njiani unampisha, unainama. Mimi nilikuwa juu ya punda, yeye chini, miguu yangu inaning'inia, suruali imepanda mpaka kovu liko nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu, akitazama pembeni, ameziba mdomo kwa ushungi.

Vicheko vikakatika. Ukimya ule uliniuma kuliko vicheko. Mama akajitwika kikapu chake, akaokota kamba.

"Mama, tafadhali, acha. Mwanao anakuja."

"Mpaka afike, huyu atakuwa amemaliza maganda yote."

Akamvuta kidogo tu, punda akamfuata. Nikapita kijijini naongozwa na mama mkwe, sikuweza kuinua uso. Njiani tulikutana na mke wangu anakimbia, magongo mkononi, machozi yanamtoka. Mama yake akamwambia, "Punguza mwendo, utamshtua tena."

Jioni ile nilisema nimeshiba, nikaingia ndani. Nilimsikia mama uani akiuliza, "Shambani hajaenda tangu lini?"

Asubuhi nikakuta punda ameshatandikwa, na kinu kimewekwa mahali pake. Nikasema mguu unauma.

"Najua," alisema mama, bado akitazama pembeni. "Panda, baba."

Nikapanda. Shambani nyasi zilimfika mama kiunoni. Alifunga kamba kwenye mkorosho, akachukua jembe. Alikaa nasi mpaka nilipoweza kumwongoza punda mwenyewe, ndipo akarudi kwake.

Siku hizi nakwenda peke yangu, magongo nimeyafunga ubavuni mwa punda. Kijiweni wananisalimia, naitikia bila kusimama. Aibu haijaniisha. Mama akipiga simu naongea naye nimeinamisha kichwa, kama vile ananiona. Juzi aliuliza punda hajambo. Nikamwambia hajambo, mama, ana mimba.